Shati Ulilolisahau Kambani

4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itawakuta wazima, wewe, shemeji na Baba. Sisi huku hatujambo. Mke wangu anawasalimu sana, na binti yetu ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa akisema "shangazi" unasikia upepo tu. Nami nilifika salama ile Jumatatu, ingawa basi lilichelewa kuondoka.

Naandika kwa kalamu kama Baba anavyotaka. Nakumbuka alivyosema kwamba simu ni ya misiba na ya kuulizia bei ya sabuni, lakini maneno ya maana yaandikwe, yakunjwe, yawekwe mfukoni. Mwambie bado namtii.

Maisha huku ni yale yale ya kubana matumizi. Bado tuko kwenye vyumba vyetu viwili vya kupanga, na mwenye nyumba hajatengeneza bomba mpaka leo. Ofisini kazi zipo, ila si nyingi. "Mhandisi wa majengo" ni jina kubwa tu, dada. Ukiona maghorofa yanapanda usidhani wote tunafaidi. Kwa hiyo ile habari ya Baba kuja kututembelea naomba isubiri kidogo, maana hatuna pa kumlaza.

Jambo dogo la mwisho. Nilisahau shati langu kambani hapo kwenu, lile la kijivu lililochanika kwapani. Usihangaike nalo, lifanye tambara la kufutia meza ya pasi.

Mdogo wako,
Kitinda

27 Februari

Kwako Kitinda,

Marahaba mdogo wangu. Barua yako ilifika tarehe kumi, na ukiona nimekawia kujibu ujue sikukosa kalamu. Wifi nampa salamu zake zote, na huyo kibogoyo wenu mwambie shangazi anamngoja aje amtafunie njugu. Shemeji yako hajambo, anakoroma vilevile, majirani wamezoea na sasa wanamtumia kama saa.

Baba ni mzima, ila jicho la kulia limefunga kabisa na la kushoto linaona ukungu. Bado anakaa nami dukani kila asubuhi. Anapapasa kitambaa na kuniambia kama nimezidisha wanga, na kila mara anapatia, jambo linaloniudhi sana. Nywele zake zimekuwa ndefu. Haendi kwa kinyozi siku hizi. Nilitaka kumnyoa mwenyewe, akakataa.

Sasa nije kwenye shati. Nililifua. Unanijua, nguo chafu ikining'inia mbele yangu mikono inawasha. Nikaliloweka, nikalianika, nikalitandika mezani nilipige pasi, na hapo ndipo tukaanza kuzungumza, mimi na shati.

Kola yake ni ya mtu mwenye shingo nene. Yako wewe ni nyembamba tangu utotoni, vifungo vyako mimi ndiye niliyekuwa navisogeza. Bega la kushoto limelika kuliko la kulia, kwa hiyo mwenyewe hubeba kitu begani, tena kila siku, tena upande huo huo. Wewe umewahi kubeba nini zaidi ya mkoba wa karatasi? Mikono imekunjwa mpaka viwikoni miaka mingi, alama ya mkunjo haitoki hata kwa mvuke. Na kwenye pindo kuna madoa ya majani mabichi ambayo yamenishinda, na unajua madoa huwa hayanishindi.

Nikampa Baba bila kusema kitu. Akagusa bega, akagusa kola. Kisha akasema, "Hili si la mwanangu." Akaniuliza ni la nani. Nikasema sijui.

Basi nakuuliza wewe, mtoto wa dobi uliyekuja nyumbani kwa madobi wawili na nguo ya kuazima, ukidhani hatutaona. Ulivaa shati la nani kuja kumwamkia baba yako?

Dada yako

21 Machi

Dada,

Shikamoo. Naomba radhi kwa kuchelewa, kazi zilinizidi hata Jumapili nilikuwa ofisini. Sote hatujambo. Binti anauliza njugu hizo ziko wapi.

Kuhusu shati, mbona umelifikisha mbali hivyo? Ni la jirani yangu. Begi langu lililowa mvua siku ya safari, akanihurumia akaniazima. Ndiyo hivyo tu, wala hakuna siri.

Habari kubwa ni hii. Nimezungumza na daktari wa macho, na jicho la kushoto la Baba linaweza kufanyiwa upasuaji. Kuna mfuko fulani unaosaidia wazee, kwa hiyo nyinyi hamtatoa hata senti. Nitatuma karatasi.

Na mbona Baba haendi kwa kinyozi? Wale wawili walikuwa chanda na pete. Wamegombana?

Wako,
Kitinda

2 Aprili

Kitinda,

Tu wazima.

Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Jirani gani huyo wa vyumba viwili vya kupanga anayeshinda bustanini mpaka pindo linakuwa la kijani? Na ni mvua gani iliyolilowesha hilo begi? Ulikuja wakati wa kiangazi, vumbi lilikuwa linaingia mpaka kwenye chai.

Pamoja na barua hii utapata kifurushi. Ndani kuna shati, mrudishie mwenyewe. Kwapa nimelishona mimi. Kola ilikuwa imechakaa, kwa hiyo Baba ameibandua, akaigeuza upande mzima ukaja nje, akairudishia kwa mkono. Imemchukua siku nne, mimi nikimtungia uzi tu. Nilimwambia, "Baba, mtu mwenyewe hatumjui." Akanijibu, "Tumekaa na shati lake miezi miwili, dobi harudishi nguo hivi hivi." Mwambie huyo jirani tunaomba radhi kwa kumcheleweshea.

Hilo la mfuko wa wazee nalo tutalizungumza siku utakayokuwa tayari kuzungumza. La kinyozi usiniulize.

Dada yako

16 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena. Nimeanza barua hii mara sita na kuichana mara sita, na mke wangu amesema nikiichana ya saba ataiandika yeye.

Shati ni la mtunza bustani wetu. Nina bustani, dada. Nina nyumba yangu mwenyewe, ya ghorofa moja, vyumba vitano, na kimojawapo hakilali mtu. Bomba halivuji. Nina gari, na mke wangu ana lake. Ofisi ile ninayosema haina kazi, mimi ni mmoja wa wenye nayo. Nimeyaandika haya haraka haraka nisije nikaogopa tena.

Kila nikija nyumbani naanza kujipunguza tangu njiani. Navua saa naiweka mfukoni. Safari hii nikaona hata nguo zangu mbovu bado ni nzuri mno, nikamwomba mtunza bustani shati lake moja nikampa mawili mapya. Alinishangaa lakini hakuuliza.

Mwezi uliopita nikampelekea kile kifurushi. Alikifungua, akaigeuza kola ya shati, akakaa kwenye ukingo wa tuta la maua akalitazama muda mrefu. Akasema, "Bosi, hii kazi ya mkono. Nani kaifanya?" Nikasema, "Baba yangu. Ni dobi. Na dada yangu ni dobi." Dada, nimefanya naye kazi miaka mitatu na hilo sikuwahi kulitamka. Akasimama akanipa mkono kama ndiyo kwanza tumekutana. Akasema, "Kumbe una watu!" Tangu siku hiyo analivaa Ijumaa tu.

Nikuambie na lililo chini ya haya yote. Unakumbuka nilipokuja likizo ya kwanza kutoka chuoni, nikiwa na viatu vyeusi vipya? Uliniona mlangoni, na kitu cha kwanza ulichofanya ukaficha miguu yako chini ya benchi. Ulikuwa na ndala zilizounganishwa kwa waya. Sikusema kitu, wala wewe hukusema, lakini sijawahi kusahau. Uliacha shule ili mimi nisome, nami nikaja kukuonyesha viatu. Miaka kumi na tisa nikinunua kitu chochote kizuri naiona ile miguu ikirudi chini ya benchi. Ndiyo maana nikija kwenu nakuja nimechakaa. Niliona afadhali mnione sina kuliko mjione nyinyi hamna.

Kuna jambo jingine. Mwezi wa saba tarehe ishirini na saba linafunguliwa jengo nililolichora mimi, maktaba ya ghorofa sita. Wameniomba majina ya ndugu watakaokaa mbele. Nimeiacha nafasi hiyo wazi mpaka leo. Sijui niandike nini kwa watu niliowadanganya miaka yote hii.

Nisamehe.
Kitinda

1 Juni

Kwako Kitinda, mdogo wangu, mjinga wangu,

Marahaba, na marahaba tena. Barua yako nimeisoma mwenyewe mara mbili, kisha nikamsomea Baba. Alikuwa anashona kifungo. Hakusimamisha sindano hata mara moja, ila kifungo kile amekishona mpaka leo sijui mwenyewe atakifunguaje.

Nianze na miguu, maana imenichekesha na kuniliza kwa wakati mmoja. Asubuhi ile umeme ulikuwa umekatika, nilikuwa natumia pasi ya mkaa. Kaa la moto likaniangukia mguuni. Kidole gumba kikavimba kama kitunguu, malengelenge juu. Nikaficha kwa sababu ulikuwa urudi chuoni kesho yake kwenye mitihani, na nakujua, ungekiona ungesema huendi, ungekaa kunipepea na kunipaka dawa wiki nzima. Viatu vyako? Viatu vyako nilivisifu kwa kila mteja aliyeingia. Nilisema, mnavisikia vinavyolia? Huyo ni wa kwetu. Miaka kumi na tisa umebeba vidole vyangu vya mguu, Kitinda! Na havina hata kovu siku hizi, nimetazama.

La shule silipunguzi. Niliacha, na iliniuma. Mwaka mzima nilikuwa napiga pasi sare zako huku nakuonea wivu, na siku moja nikaiunguza moja kwa makusudi, ile uliyodhani nilisinzia. Nimekwambia, sasa tumelipana. Kisha ule mwaka ukapita. Nikaipenda kazi yangu, nikaijua kuliko wote. Leo hakimu hapandi kitini bila mkunjo wangu, na mganga mkuu akitoka hapa na koti lake jeupe mgonjwa anapata nafuu kabla hajaguswa. Wakiambiwa waende kwa dobi mwingine wanasema hafui dafu. Mimi si mtu wa kuonewa huruma na mtu mwenye shati la kuazima.

Sasa la kinyozi, ulilotaka kulijua.

Habari za nyumba yako tunazo mwaka wa nne huu. Dereva mmoja wa malori, mteja wetu, alileta mbao hapo kwako, akakuona uwanjani unaelekeza mafundi, akaja kutuambia. Baba alifurahi mpaka akafunga duka saa nne asubuhi. Akaenda kwa kinyozi, akawaambia wote waliokaa kwenye foleni kwamba mwanawe anajenga maghorofa na amejenga na lake. Alikuwa akienda kila Jumamosi, nywele ziwepo zisiwepo, ili tu aulizwe habari zako.

Kisha ukaja Januari. Ulipita mbele ya kinyozi kwa miguu, umevaa shati lililochanika kwapani, viatu vya vumbi. Walikuona wote. Baba alipokwenda Jumamosi iliyofuata wakamuuliza, "Mzee, huyo ndiye mwenye maghorofa?" Wakacheka. Si kwa ubaya, lakini walicheka. Mmoja akasema uzee unamchanganya. Baba alinyanyuka kwenye kiti amenyolewa upande mmoja, akarudi nyumbani amevaa kofia. Upande wa pili nilimnyoa mimi, na hapo ndipo alipokataa kunyolewa tena na mtu yeyote.

Na lile gari ulilolificha nyuma ya kituo cha mafuta, ukatuambia ulikuja kwa basi? Mlinzi wa pale sare yake naipiga pasi mimi. Alikuja akacheka, nikamwomba afunge mdomo. Watu kudhani Baba anapiga chuku ningevumilia. Watu kujua kwamba mwanawe anajificha asionekane alivyo, hapana.

Kitinda, sikiliza. Ulidhani ukija umechakaa unatuheshimu. Hii nyumba ya madobi haijawahi kumtoa mtu mlangoni na nguo chafu. Tulikosa mengi, lakini wewe ulikwenda shule umenyooka kama karatasi, na watu walisimama kukutazama. Hiyo ndiyo ilikuwa mali yetu, na bado ndiyo mali yetu. Ghorofa lako na hiyo maktaba yako ya ghorofa sita vina mikono yetu ndani yake, mimi na Baba, ingawa hatukushika tofali. Unatuficha kitu chetu wenyewe.

Basi kabla ya kuandika majina ya watu wa kukaa mbele, kuna kazi moja. Uje Jumamosi. Uje na gari, ulisimamishe mlangoni kwa kinyozi, tena mlangoni kabisa. Uvae suti, na saa uitoe mfukoni. Umpeleke baba yako akanyolewe.

Dada yako, mwenye vidole kumi vizima

9 Juni

Dada,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama getini, nikakaa chini hapo hapo. Mtunza bustani alidhani nimepata msiba. Nikamwambia hapana, nimepata habari za nyumbani.

Nimecheka kwa kidole. Nimelia kwa kofia. Ile sare iliyoungua nitalipiza siku moja.

Nakuja Jumamosi ya tarehe kumi na tisa. Nimempa dobi wa huku shati jeupe na suti.

Kitinda

24 Juni

Kwako Kitinda,

Marahaba. Natumai ulifika salama, na kwamba kibogoyo amemaliza njugu nilizompelekea na hajavunja jino lililobaki. Nyumba yetu bado inanukia manukato yako. Shemeji yako anasema akiendesha gari lako wiki moja hata kukoroma ataacha.

Nimepata karatasi za daktari wa macho. Baba amekubali, lakini amesema ule mfuko unaosaidia wazee uje wenyewe hapa tuupe shukrani zake, na safari hii uje na jina lako.

Neno moja kuhusu huyo dobi wako wa huko. Nilikuvua lile shati pale dukani mbele ya wateja, ukabaki na fulana kama mtoto, na sikuomba radhi wala siombi sasa. Mkono wa kushoto ulikuwa na mikunjo miwili. Miwili, Kitinda! Mtu huyo anakulia hela yako. Usingeweza kumpeleka Baba kwa kinyozi na mikunjo miwili. Na wakati pasi inapata moto nilishona kitu ndani ya kola. Kitazame. Nyuzi mbili nyekundu na moja nyeusi, ile alama tuliyokuwa tunatia kwenye nguo za nyumbani zisichanganyike na za wateja. Usiitoe.

Mengi ya siku ile uliyaona kwa macho yako. Uliona gari lilivyoziba mlango mpaka watu wakalazimika kupita upande. Uliona kinyozi anavyopangusa kiti mara tatu. Lakini ulipotoka kwenda kuifuata fimbo ya Baba garini, mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na kuna maneno hukuyasikia.

Kinyozi alimfunga Baba kitambaa shingoni, akainama, akasema kwa sauti ndogo, "Mzee, huyu ndiye yule wa Januari, mwenye shati lililochanika?" Mkasi wa kinyozi mwenzake wa kiti cha pili ukasimama.

Baba hakugeuza kichwa. Alikaa wima, mikono kwenye magoti, akitazama kioo ambacho hakioni.

"Ndiye huyo huyo," akasema. "Siku ile alivaa nguo za watu. Leo amevaa zake. Ninyoe vizuri, nina safari."

Dada yako